Jinsi ya kutunza bata mzinga wa porini kwenye ardhi yako ya kuwindia Missouri

Familia kadhaa za Waswahili tulioko Missouri, Marekani, sasa zina ardhi nje ya mji. Mmoja ana ekari 20, mwingine 40, wengine wamechanga familia tatu wakapata ekari 100 zenye msitu na malisho ya zamani. Wanapoanza kuwinda, swali linalonifikia ni lile lile: nimwage mahindi wapi ili bata mzinga waje?

Jibu langu ni refu, ndiyo maana nimeamua kuliandika. Bata mzinga huongezeka pale vifaranga wao wanapovuka wiki mbili za kwanza za maisha. Wiki hizo huangukia mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni, wakati wawindaji wengi wameshafungia bunduki kabatini na wanawaza kukata nyasi. Kila hatua hapa chini inarudi kwenye wiki hizo mbili.

Kwanza umfahamu ndege mwenyewe. Jike huanza kutaga katikati ya Aprili, yai moja karibu kila siku, hadi yafike kumi au kumi na mawili. Kisha anaatamia siku 28 hivi, ndani ya kishimo alichokiparua ardhini kando ya kisiki au kichaka. Jumlisha siku za kutaga na za kuatamia: kiota kinakaa chini takriban siku 40, na kila mwenye pua anapita hapo. Viota vingi huharibiwa kabla ya kuangua. Vifaranga wanaofanikiwa kutoka, zaidi ya nusu hufa kabla ya wiki mbili, kwa kuwa bado hawawezi kuruka wakalala mtini. Wanalala ardhini chini ya mbawa za mama yao. Aliyefuga kuku wa kienyeji anaijua hesabu hii: leo mama anatoka na vifaranga kumi na mmoja, wiki ijayo unahesabu watano, na mwewe bado anazunguka.

Hatua ya 1: Tembea ardhi yako na kalamu mkononi

Chapisha picha ya angani ya shamba lako, nenda nayo Machi kabla majani hayajafunga, uweke alama mahali pa vitu vinne: miti mikubwa wanayolala usiku (tafuta kinyesi na manyoya chini yake, mara nyingi karibu na kijito), chakula cha baridi, vichaka vya kutagia, na uwanda wa kulelea vifaranga. Nakuhakikishia, kwa mashamba mengi utakayoyatembea, vitatu vya kwanza utavipata. Cha nne kitakosekana.

Usikate miti ya kulala wala usiwavizie chini yake. Wakifukuzwa hapo mara mbili tatu, wanahamia kwa jirani.

Na jirani umjue mapema. Bata mzinga mmoja hutembea mamia ya ekari kwa mwaka, wengine zaidi ya elfu moja. Ekari zako 40 ni chumba kimoja katika nyumba yake. Mimi nilibisha hodi kwa mzee tunayepakana naye, na kikapu cha maandazi, nikamwomba tukubaliane mambo mawili tu: tarehe ya kukata nyasi na idadi ya madume tutakaowapiga. Alikubali la kwanza siku hiyo hiyo. La pili lilichukua mwaka mzima.

Hatua ya 2: Tengeneza mahali pa kulelea vifaranga

Hapa ndipo nguvu yako kubwa iende.

Kifaranga cha bata mzinga kinahitaji vitu vitatu kwa pamoja: wadudu wengi, kwa sababu wiki za mwanzo chakula chake karibu chote ni panzi, viwavi na mbawakavu, kivuli cha majani juu ya kichwa ili mwewe asimwone, na ardhi iliyo wazi chini, apate kukimbia. Majani ya kumfaa yanafika kati ya goti na paja la mtu mzima, yenye majani mapana mengi na nyasi chache zinazoota kwa mashada. Mama yake lazima aweze kunyoosha shingo na kuona mbali.

Nakupa kipimo ninachotumia. Mwanzoni mwa Juni, beba mpira wa tenisi, ambao unakaribia ukubwa wa kifaranga. Lala kifudifudi kabisa katikati ya uwanda, kidevu karibu na udongo, uuviringishe mbele yako. Ukienda mita mbili au tatu, vifaranga watapita. Ukikwama kwenye nyasi pale pale, nao watakwama, wataloa umande, watapata baridi na kufa hata kama hakuna mnyama aliyewagusa. Halafu simama. Kama mpira bado unaonekana kutoka juu, mwewe naye ataona.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwetu mpira haukwenda hata urefu wa mkono. Sababu ilikuwa feski, nyasi ya malisho iliyojaa Missouri yote. Aina yake maarufu zaidi ilitolewa kwa wakulima huko Kentucky mwaka 1943, ikaenea kwenye malisho ya ng'ombe. Lakini chini yake ni zulia, hakuna pa kupitisha mguu, na majani mapana yanayoleta wadudu hayapati nafasi.

Kuiondoa, fanya hivi. Kata au lisha eneo hilo mwishoni mwa Agosti. Iache ichipue hadi urefu wa kiganja na nusu. Mwishoni mwa Oktoba au Novemba, baada ya jalidi kadhaa, nyasi za asili zimelala lakini feski bado ni kijani. Piga glaifoseti (dawa ya kuua magugu) siku hiyo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, nayo itakufa wakati mimea ya asili imejificha ardhini. Mwishoni mwa baridi ondoa mabaki kwa moto (hatua ya 3), kisha subiri. Usikimbilie kununua mbegu. Udongo una akiba ya mbegu zilizokaa miaka mingi chini ya zulia lile, na kwetu majira ya kwanza ya joto yalileta mimea ya maua ambayo mzee jirani alisema hakuiona tangu ujana wake. Feski iliyobaki utaigonga tena majira yanayofuata, kwa mabaka.

Anza na ekari tatu au nne zinazogusana na msitu. Mama mwenye vifaranga hapendi kuvuka uwanja mpana. Anataka miti iwe karibu, akishtuka aingie.

Hatua ya 3: Moto, kwa mpango

Tuliokulia Tabora au Katavi tumeona moto wa msituni, na wengi tumefundishwa kuuogopa. Hapa moto ni jembe. Unaondoa majani makavu yaliyolala, unafungua udongo, unaamsha majani mapana, na wadudu wanafuata.

Gawa eneo lako vipande vitatu. Kila mwaka choma kimoja, Februari au Machi, kabla majike hawajaanza kutaga. Hivyo kila mwaka utakuwa na kipande kipya kilicho wazi kwa vifaranga, na vipande vya mwaka mmoja na miwili vyenye vichaka vya kuficha viota. Ukichoma shamba lote kwa siku moja umebomoa nyumba ya uzazi. Ukiona nyasi zinazidi majani mapana, sogeza kipande kimoja ukichome mwishoni mwa kiangazi, Agosti au Septemba, viota vikiwa vimeisha.

Usichome peke yako, na usichome kwa mazoea ya nyumbani. Zungushia mkanda uliolimwa hadi udongo utokee, tafuta siku yenye upepo mwepesi usiobadilika na unyevu wa hewa kati ya asilimia 30 na 50, wajulishe zimamoto na majirani, na uwe na watu na maji ya kutosha. Idara ya Uhifadhi ya Missouri ina maofisa wa ardhi binafsi wanaokuja kutembelea shamba bure na kukuandikia mpango, na wizara ya kilimo ya Marekani ina programu zinazolipia sehemu ya gharama za kuchoma na kuondoa feski. Waombe. Wengi wetu hatujui kwamba milango hiyo iko wazi kwetu pia.

Hatua ya 4: Fungua msitu upate jua

Msitu uliofunga juu kabisa una giza chini, na penye giza hakuna majani wala mdudu. Chukua chenso uondoe miti isiyo na faida kwao, hasa mierezi myekundu inayovamia miteremko mikavu, ili jua lifike chini kwenye sehemu nzuri ya ardhi.

Mialoni mikubwa iache. Matunda yake ndiyo chakula chao cha baridi, na hapa kuna jambo la kujua kabla hujawasha chenso: mialoni myeupe hukomaza matunda yake katika msimu mmoja, mialoni myekundu huchukua miwili. Jalidi la Aprili likiunguza maua, myeupe itakosa matunda vuli hiyo hiyo, lakini myekundu bado itaangusha ya mwaka uliopita. Kwa hiyo acha za aina zote mbili. Mwaka mmoja wa njaa hupunguza nguvu ya majike wanapoingia msimu wa kutaga.

Hatua ya 5: Mashine ya kukata nyasi ibaki bandani hadi katikati ya Julai

Mwaka wetu wa pili nilikata malisho ya chini tarehe 3 Juni, kwa sababu nyasi zilikuwa nzuri na mvua ilitabiriwa. Karibu na ukingo wa msitu nilisikia mgongano mdogo chini ya mashine, kama jiwe laini. Niliposhuka nilikuta manyoya ya shaba na mayai yaliyokuwa yamebakiza siku chache. Moja lilikuwa limepasuka na ndani yake kifaranga kilikuwa na manyoya tayari, kikipumua. Jike hakuwa amesogea hata hatua. Wanapokaribia kuangua, majike wengi hawaondoki, hata trekta likiwa juu yao.

Tangu siku hiyo hakuna kinachokatwa kwetu kati ya Mei mosi na katikati ya Julai. Kama unategemea nyasi kwa ng'ombe na huwezi kungoja, acha bila kukata ukanda wa mita 15 hadi 20 kando ya msitu, ambako viota vingi huwa, na anza kukata katikati ukielekea nje, ili walio ndani wapate njia ya kukimbilia. Kukata kwa kuzunguka kutoka nje kuingia ndani huwakusanya wote katikati mpaka mzunguko wa mwisho.

Hatua ya 6: Kuku, mahindi na ndago

Sehemu hii inatuhusu sisi hasa, maana wengi tukipata ardhi jambo la kwanza ni banda la kuku.

Kuku hubeba minyoo midogo ya utumbo ambayo mayai yake huchukua kijidudu cha ugonjwa wa kichwa cheusi. Kuku mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili. Bata mzinga akiupata, ini linaharibika na wengi hufa. Mayai ya minyoo hiyo hukaa kwenye udongo miaka mingi, na nyungunyungu hula na kuyabeba. Kwa hiyo kuku wako wakae ndani ya uzio karibu na nyumba, na kinyesi chao usikimwage kwenye malisho ambayo bata mzinga hupita, hata kama ni mbolea ya bure.

Mahindi nayo yaache. Katika Missouri ni kosa kuwinda bata mzinga mahali palipomwagwa chambo, na sheria inahesabu mahali hapo kuwa na chambo kwa siku 10 baada ya kuondolewa kabisa. Zaidi ya sheria, mahindi yaliyopata unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, ambayo tunaijua vizuri nyumbani kwa vifo vya watu, na ndege hawa ni dhaifu sana mbele yake. Tena rundo la mahindi huwaita rakuni (wanyama wadogo wa usiku wenye mkia wa mistari) kutoka kila kona, na baada ya kula hawaendi mbali. Wanabaki kutafuta mayai.

Ukitaka kupanda kitu, panda klova (mmea mfupi wa malisho) kwenye barabara za msituni na vipenyo vidogo. Na kama una udongo mwepesi, panda ndago. Ndiyo, ndago, lakini si ile tunayoing'oa kwa hasira mashambani kwetu: ni ndugu yake mwenye viazi vidogo vitamu chini ya udongo, ambaye wawindaji wa huku hununua mbegu yake kwa pesa. Ipandwe Mei au Juni, ikomae kwa siku 100 hivi, na baridi ikifika utaona udongo umeparuliwa kama palipita kundi la kanga. Lakini hii ni nyongeza. Ukiwa na nguvu za kazi moja tu, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 7: Wezi wa mayai

Rakuni, oposamu, skanki, nyoka mweusi wa miti na kunguru wote hula mayai. Koyote (kama mbweha mkubwa) na bobkati (paka wa porini) huwakamata majike wakiwa kiotani. Siku hizi bei ya ngozi za manyoya imeshuka na wategaji wamepungua, kwa hiyo rakuni wamejaa.

Kutega kunasaidia ikiwa tu unatega sana, karibu kabisa na msimu wa kutaga, na kila mwaka. Ukiondoa rakuni watano Novemba, wengine watakuwa wamejaza nafasi ifikapo Machi. Fuata tarehe za kibali, tumia mitego inayoshika mkono wa rakuni, ambayo mguu wa mbwa hauwezi kuingia, na iangalie kila asubuhi. Bundi na mwewe wasiguswe: wanalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1918. Njia ya kumzuia mwewe ni yale majani ya kufunika vifaranga.

Kuna wanaoniuliza kama wanunue bata mzinga wa kufugwa wawaachie. Hapana, na sheria hairuhusu. Missouri ilijaribu hivyo zamani, ndege walipokuwa karibu kwisha kwa uwindaji holela na ukataji misitu, na wale wa kufugwa walikufa kwa kuwa hawakujua pori. Kilichofaulu ni kukamata wa porini kwa nyavu zinazorushwa kwa mizinga na kuwahamishia wilaya nyingine, kazi iliyoanza 1954. Msimu wa kwanza wa uwindaji ulifunguliwa tena 1960. Kila ndege unayemsikia leo akiwika bondeni ametoka kwenye subira hiyo.

Hatua ya 8: Vuna kwa hesabu

Machi, weka kamera karibu na njia zao, na asubuhi tatu au nne tulivu, nusu saa kabla ya jua, simama mlimani usikilize madume wakiwika. Andika wangapi na wapi. Wakiwa madume wakubwa sita, piga mmoja, wawili ukizidi sana. Ukimwua dume mkuu siku ya kwanza ya msimu, kabla hajapanda majike wengi, unaweza kuvuruga uzazi wa kundi zima. Mimi nasubiri wiki ya pili.

Dume mchanga utamjua kwa mkia: akiutanua, manyoya ya katikati yanazidi ya pembeni. Ndevu zake za kifuani ni fupi na vipi, ile miiba ya miguuni, ni vinundu tu. Mwache, mwakani atakuwa dume kamili. Oktoba sheria inaruhusu kupiga hata jike. Kwetu jike hapigwi, kwa kuwa yeye ndiye kundi la mwakani.

Usivae nyekundu, nyeupe wala buluu, maana hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na usifyatue mpaka uzione ndevu kwa macho yako. Kwa kawaida aliyezaliwa tangu 1967 huhitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji. Ukipata ndege, ripoti kwa simu au mtandaoni kabla ya saa nne usiku siku hiyo hiyo. Kanuni hurekebishwa kila mwaka, kwa hiyo chukua kijitabu cha msimu huu.

Unapomsafisha, lipasue gole lake (mfuko wa chakula wa shingoni) juu ya sahani. Utakuta alichokula asubuhi: majani ya klova, tunda la mwaloni lililovunjika, konokono, mbawakavu. Andika na mahali ulipompiga.

Hatua ya 9: Hesabu ya Agosti

Juni, Julai na Agosti, kila unapomwona jike, hesabu majike wote na vifaranga wote, na wasio na vifaranga pia uwaandike. Wengi husahau hao na hesabu inadanganya. Idara ya Uhifadhi hupokea hesabu za wananchi katika miezi hiyo hiyo. Gawa vifaranga kwa majike. Ukipata wawili au zaidi kwa kila jike, umekuwa mwaka mzuri. Ukipata mmoja au chini ya hapo, mwakani punguza dume mmoja kwenye mpango wako, kisha urudi na mpira wa tenisi uone kipande gani kimefunga tena.

Mwaka wetu wa kwanza tulihesabu majike tisa na vifaranga wanne. Mwaka jana, kwenye kile kipande tulichochoma Machi, majike saba walipita jioni moja na vifaranga kumi na watano nyuma yao. Siku chache za mvua baridi katikati ya Juni huweza kuivunja hesabu hiyo yote, kwa hiyo soma miaka mitatu kwa pamoja kabla ya kubadili chochote.